Ukoo mmoja, makanisa manne: tukutaneje Krismasi bila kuumizana?

Katibu_wa_Ukoo

Shalom wapendwa. Naomba ushauri wa watu wanaoyajua mambo haya kwa undani.

Ukoo wetu ni wa Upare, wilaya ya Same. Wasabato waliingia kule mwaka 1903, Waluteri nao wana mizizi ya siku nyingi, kwa hiyo ndani ya ukoo mmoja mna maboma ya Kisabato na maboma ya Kiluteri tangu enzi za mababu. Siku hizi wameongezeka walokole, na wengine wameoa au kuolewa kwa Wakatoliki. Desemba hii tunakutana nyumbani, watu kama 60 pamoja na watoto. Krismasi ya 2026 inaangukia Ijumaa, maana yake Sabato, siku ambayo Wasabato hawafanyi kazi, inaingia jioni ya siku hiyo hiyo, na hapo ndipo kamati imekwama.

Kinachobishaniwa ni pombe, nyama ya nguruwe, siku ya kikao cha michango, na nani aongoze ibada. Shangazi mmoja ametangaza kwamba haketi meza moja na wavunja amri. Mjomba naye amejibu kwenye grupu kwamba wanaochagua vyakula wapikiwe kwao. Wote wawili ni watu wa maombi, na wote wana aya za kujitetea.

Sitafuti mshindi. Nataka kujua: Mkristo anampokeaje ndugu ambaye anaamini kabisa kwamba amekosea? Na kwa vitendo, ratiba, jiko na ibada vikae vipi?

---

Mwalimu_wa_Jumapili

Katibu, anza na Warumi 14 yote hadi 15:7, uisome ukiwa na kalamu. Mazingira yake yanafanana sana na ya kwenu. Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi Roma karibu na mwaka 49. Matendo 18:2 inawataja Akila na Prisila miongoni mwao. Klaudio alipofariki mwaka 54 wengi walirudi, wakalikuta kanisa liko mikononi mwa watu wa mataifa waliokula kila kitu na wasiojali siku. Paulo anaandika miaka michache tu baadaye. Wengine hawali nyama, wengine wanaadhimisha siku, na kila upande unamwona mwenzake kuwa tatizo.

Angalia anavyowagawia makosa. Hawapi kosa moja wote. Aya ya 3: "Yeye alaye asimdharau huyo asiyekula, wala yeye asiyekula asimhukumu huyo alaye, kwa maana Mungu amemkubali." Mwenye uhuru kishawishi chake ni dharau, yaani kumcheka mwenzake, kumwita mshamba wa dini. Mwenye masharti kishawishi chake ni hukumu, yaani kumtoa mwenzake mbinguni kabla ya siku. Mjomba wako ana la kwanza, shangazi ana la pili. Ukiwaambia wote wawili kwa jumla "pendaneni", hakuna atakayesikia, maana kila mmoja anadhani anasemwa mwenzake. Mwendee mmoja mmoja, umwoneshe kosa linalomhusu yeye.

Jambo la pili: Paulo hasemi tofauti hizo hazina uzito. Aya ya 5 inataka kila mtu athibitike katika akili zake mwenyewe. Yeye mwenyewe anataja msimamo wake waziwazi aya ya 14, kwamba hakuna kitu kilicho najisi kwa asili yake. Kwa hiyo shangazi haombwi aache kuamini Sabato, wala mjomba haombwi kujifanya Msabato. Kumpokea mtu ni kukiri kwamba Bwana wake ni Kristo, na kwamba hesabu yake ataitoa kwa Kristo, si kwako. Hapo ndipo watu wengi wanapochanganya: wanadhani wakiketi na mtu wamesaini kila anachoamini.

La tatu, na hili walisome wote kwa pamoja: Wagalatia 2:11-14. Paulo huyu huyu aliyekuwa mpole kuhusu vyakula alimkemea Petro hadharani kule Antiokia. Kisa? Petro aliondoka mezani. Alikuwa akila na watu wa mataifa, wakaja watu fulani, akaogopa, akajitenga. Mtu akila hiki akaacha kile, Paulo anamvumilia. Kuitenga meza ndiko alikoona kunapingana na Injili. Shangazi aonywe kwa upendo kwamba kutokula kitimoto, yaani nguruwe, ni haki yake, lakini kukataa kuketi na nduguye ni jambo la uzito mwingine.

Nakushauri kamati isipitishe "azimio la umoja" la kurasa tatu. Pitisheni sharti moja tu: katika siku hizi hakuna atakayewekwa mahali ambapo ili ale, aombe au aheshimiwe, lazima kwanza avunje dhamiri yake. Kisha ratiba na jiko vipimwe kwa sharti hilo, kipengele kwa kipengele.

---

Mama_Mapishi

Mwalimu kaweka msingi, mimi naingia jikoni, kwa sababu mikutano mingi ya koo mchanganyiko huharibikia huko na wala si kwenye mahubiri.

Tuanze na saa. Same mwishoni mwa Desemba jua linazama kama saa 12:40 jioni. Mlimani jua hupotea nyuma ya mgongo wa mlima mapema zaidi, na hapo huanza ubishi wa kama Sabato imeshaingia au bado. Kubalianeni saa kamili kabla, kwa mfano shughuli zote za jiko zifungwe saa 11:30 jioni Ijumaa. Inamaanisha chakula kikuu cha Krismasi kiliwe saa 8 mchana. Ibada za asubuhi za Waluteri na Wakatoliki zitakuwa zimekwisha, na Wasabato watabaki na muda wa kuosha vyombo, kuoga na kufungua Sabato kwa utulivu. Msipange chakula kikuu cha usiku Ijumaa. Ndipo watu husema "njooni tu mle, sisi ndio tutapika", na mwenzako anabaki kati ya kukukosea wewe na kumkosea Mungu wake.

Mezani: nguruwe asiingie kabisa kwenye jiko la pamoja. Kumweka kwenye sufuria ya pembeni hakutoshi, maana mwiko na mafuta havina mipaka. Kuna kitu kingine ambacho wasio Wasabato husahau: samaki wasio na magamba, kwa Mambo ya Walawi 11, nao hawaliwi. Bwawa la Nyumba ya Mungu linatoa perege na kambale. Perege sawa, kambale hapana, na perege aliyekaangwa kwenye mafuta yaliyokaanga kambale atazua maneno. Kwa watu 60 agiza kilo kama 20 za perege wa gramu 300 hivi, uwachague mwenyewe, na mafuta yawe mapya. Damu ya mnyama isitumike kwenye supu yoyote. Hata walokole wengi wanalishika hilo kwa Matendo 15:29.

Chai: Wasabato wengi hawanywi majani ya chai wala kahawa. Chemsha maziwa na maji ya mchaichai au tangawizi kwenye birika kubwa, majani yawe kwenye chupa ya pembeni kwa anayetaka. Ni kazi ya dakika mbili na inasema mengi.

Jumamosi mchana itegemee makande, tena ni chakula chetu. Mahindi yaliyokobolewa kilo 6 na maharage kilo 3 vinatosha watu 60. Vilowekwe usiku wa Alhamisi, kila kimoja chombo chake. Ijumaa alfajiri tanguliza mahindi jikoni, yachemke kama saa moja na nusu ndipo uongeze maharage, la sivyo maharage yatavurugika mahindi yangali magumu. Vitunguu vikaangwe Ijumaa. Nazi iache kabisa, kwa sababu makande ya nazi hayalali. Asubuhi utakuta yamechacha. Kosa jingine ni kuacha sufuria kubwa ipoe polepole usiku kucha. Ama iachwe juu ya makaa madogo ibaki ya moto hadi asubuhi, ama yagawanywe kwenye masufuria mapana yapoe haraka, halafu kesho yachemshwe vizuri.

Nani ayapashe moto? Wasabato wengi hawana shida na kupasha chakula kilichopikwa tayari. Lakini msiwafanye Waluteri kuwa vibarua wa Sabato ya wenzao, kwa sababu amri yenyewe katika Kutoka 20:10 inamtaja hata mgeni aliye malangoni mwako, na wapo Wasabato wanaoumia wakiona wengine wanahenyeka kwa ajili yao. Jumamosi jiko liwe la kupasha tu, vyombo viloweshwe kwenye mabeseni, vioshwe jua likishazama na kila mtu ashike sufuria, Msabato na asiye Msabato.

Pombe. Hapa sitafuni maneno. Kwenye turubai la pamoja isiwepo, iwe bia au dengelua, pombe ya miwa. Warumi 14:21 imeitaja divai kwa jina. Lakini pia msikague mabegi ya watu wala kunusa pumzi. Na mchango wa pamoja usinunue pombe hata chupa moja, maana hapo unamlazimisha mlokole alipie kitu anachokiona dhambi. Mhazini aliandike hilo kwenye daftari la michango tangu siku ya kwanza.

---

Mtetezi_wa_Kweli

Naheshimu mnachosema, ila nina wasiwasi wa kweli. Mnaongea kana kwamba tofauti zote ni za mapishi. Ubatizo, siku ya ibada, maombi kwa watakatifu, haya ni mafundisho. 2 Yohana 10 inasema mtu akija bila mafundisho haya, msimkaribishe nyumbani wala kumpa salamu. Wagalatia 1:8 inalaani injili nyingine. Upendo usiosema ukweli unampeleka ndugu yako shimoni huku unamkenulia meno. Mnaiwekaje mipaka?

---

Mwalimu_wa_Jumapili

Ndugu Mtetezi, swali lako ni la haki na lijibiwe.

Soma 2 Yohana kuanzia aya ya 7. Wanaozungumziwa ni wale wasiokiri kwamba Yesu Kristo amekuja katika mwili, na ni walimu waliokuwa wakizunguka wakitafuta nyumba ya kufikia ili wafundishe hayo. Kuwapokea kulikuwa kuwapa mimbari na posho ya safari. Aya hiyo haikuandikwa kumhusu shangazi aliyekuja kula Krismasi na wajomba zake. Makanisa yote manne aliyoyataja Katibu yanakiri kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu aliyekuja katika mwili, akafa, akafufuka.

Hiyo haifuti tofauti za ubatizo. Zina uzito na zina mahali pake: watu wawili, Biblia wazi, hakuna hadhira, na kila mmoja anaweza kueleza msimamo wa mwenzake kwa namna ambayo mwenye msimamo mwenyewe atasema "ndiyo, hivyo ndivyo ninavyoamini". Kama huwezi kufanya hivyo bado hujawa tayari kumjibu. Mithali 18:13 inamwita mpumbavu anayejibu kabla ya kusikia. Mluteri anayedhani Msabato anatafuta wokovu kwa kuacha nyama hajamsikiliza. Msabato anayedhani Mluteri anabatiza mtoto kwa sababu hasomi Biblia naye hajamsikiliza.

Mipaka ipo. Anayekuja kwenye mkutano kwa nia ya kuwagawa watu, Tito 3:10 inatoa utaratibu: mwonye mara ya kwanza, mwonye mara ya pili, kisha jitenge naye. Anayepiga mke, anayedhulumu mali ya yatima, anayewasumbua mabinti, huyo hayumo katika Warumi 14 hata kidogo. Hiyo ni dhambi dhidi ya mtu, na aliyeumizwa ndiye wa kulindwa kwanza, ikibidi kwa kwenda polisi. Koo zetu zina ugonjwa mbaya wa kukemea soda na kitimoto kwa sauti kubwa na kunyamazia hayo.

---

Katibu_wa_Ukoo

Nimenakili yote. Yamebaki matatu. Kwanza ibada na makaburi, maana kila Desemba tunafagia makaburi ya wazee. Pili kuna kijana anakuja na mwenzake ambaye hawajafunga ndoa, na baadhi ya wazee wanataka azuiwe. Tatu, mashemeji wawili ni Waislamu kutoka Usangi na wamethibitisha kuja.

---

Mzee_wa_Usharika

Katibu, nitajibu kwa mpangilio wangu.

Mashemeji kwanza, kwa kuwa hilo linahitaji maandalizi ya mapema. Mbuzi wote wachinjwe na Mwislamu, na tangazeni hivyo wiki kadhaa kabla ili pasitokee mshtuko. Paulo katika 1 Wakorintho 10:25-27 anamruhusu Mkristo ale bila kuulizauliza. Lakini wapo walokole ambao dhamiri yao inakataa nyama hiyo, na wao pia wana haki yao. Perege anawaokoa: Mwislamu anamla, Msabato anamla, mlokole anamla, na hahitaji kuchinjwa. Atakayedhani nani achinje ni jambo dogo akumbuke Buseresere, Geita, Februari 2013, ubishi huo ulipofikia kumwaga damu na mchungaji akauawa. Watafutieni pia mahali safi pa kuswalia na ndoo ya maji ya kutawadha, na ibada yenu ikianza waambieni wazi kwamba wako huru kukaa au kupumzika. Asitumwe mtu kuwahubiria wakiwa mezani.

Kijana na mwenzake: wapokeeni. Suala la malazi limalizeni kwa utaratibu mmoja wa watu wote, wanaume wasio na familia nyumba hii, wanawake wasio na familia ile. Nyumba zimejaa, hakuna atakayehisi amenyooshewa kidole, na hakuna mzee atakayelazimika kubariki asichokiamini. Kumwambia ukweli ni kazi ya mtu mmoja aliye karibu naye, faraghani, kama Mathayo 18:15 inavyoagiza: wewe na yeye peke yenu. Halmashauri ya wajomba saba kumzunguka kijana uani si Mathayo 18. Na huyo mmoja aende akiwa na msaada wa kweli mkononi. Mara nyingi ndoa imekwama kwenye mahari au gharama za sherehe. Ukoo unaodai afunge ndoa uwe tayari kuzungumza na upande wa pili juu ya mahari, na kukubali ndoa ya ibada na chakula cha kawaida.

Ibada. Isizidi dakika 45, na iwe Ijumaa saa 7 mchana, kabla ya kula. Iiteni ibada ya shukrani ya ukoo. Baadhi ya Wasabato hawaadhimishi Krismasi kama sikukuu ya kidini lakini watamshukuru Mungu pamoja nanyi kwa furaha. Neno dakika 15, somo lipangwe na kamati, kwa mfano Zaburi 103. Mhubiri aambiwe kwa mdomo na kwa maandishi: hakuna kugusa siku ya ibada, ubatizo, sanamu wala zaka. Mwaka huu boma moja litoe mhubiri na jingine mwongoza ibada, mwakani wabadilishane. Meza ya Bwana msiiweke. Mkatoliki hawezi kushiriki nje ya kanisa lake, Wasabato hutanguliza kutawadhana miguu, na jambo la kuunganisha litawatenga watu mbele ya watoto wao.

Nyimbo: Tenzi za Rohoni, Nyimbo za Kristo na Mwimbieni Bwana vina tuni nyingi zinazofanana, ila maneno yanapishana. Chagueni tatu, mchape maneno ya aina moja kwenye karatasi. Baba Yetu nayo ichapwe. Wakatoliki wana maneno yao na huishia "utuopoe maovuni", wengine wanaendelea na "kwa kuwa ufalme ni wako", na watoto hucheka. Au semeni mapema kwamba kila mtu ataisali kimoyomoyo kwa maneno aliyolelewa nayo.

Walokole wamezoea kuomba wote kwa sauti. Wapeni dakika tano, mwongozaji atangaze kwamba sasa tunaomba kila mtu kwa namna yake. Tatizo kubwa zaidi ni maombi ya vijembe: "Bwana, wafungue macho waliomo humu wanaokataa kweli yako". Huko ni kumpiga mtu akiwa amefumba macho. Waombaji watatu wateuliwe kabla, kila mmoja apewe jambo lake: shukrani, wagonjwa, watoto na shule.

Makaburini nendeni Alhamisi tarehe 24 asubuhi, kazi ya kufyeka iishe kabla ya Sabato. Wasabato na walokole hawaombei wafu, Wakatoliki wanawaombea. Basi ombi la pamoja liwe la kumshukuru Mungu kwa maisha ya wazee na kuwaombea walio hai. Likiisha, Mkatoliki anayetaka kubaki asali sala yake abaki, na asisubiriwe kwa kukodolewa macho. Kumwaga pombe au kuzungumza na waliolala kusiwepo. Hilo makanisa yote manne yanakataza, hamna sababu ya kulijadili upya.

Kikao cha michango kisiguse Jumamosi mchana. Kiwe Jumapili tarehe 27 saa 9 alasiri, baada ya ibada za Jumapili.

Ujumbe wa grupu utume wewe, baada ya kuwatembelea shangazi na mjomba nyumbani kwao, kila mmoja peke yake. Uandike hivi: "Ndugu, tunakutana tarehe 24 hadi 27. Jiko halitakuwa na nguruwe, kambale wala damu. Nyama itachinjwa na Mwislamu, perege wapo. Pombe haitakuwepo kwenye turubai. Jiko linafungwa Ijumaa saa 11:30 jioni kwa heshima ya Sabato. Mabishano ya dini kwenye grupu yamesimama hadi tarehe 28. Mwenye jambo linalomkwaza ampigie katibu kabla ya tarehe 10 Desemba." Tarehe hiyo isisahaulike: ikipita, samaki wameshaagizwa na mchinjaji ameshaombwa, na huwezi tena kumsaidia mtu ambaye hukumsikia mapema.